Rauta moja, vyumba sita

Dereva wa watalii mwenye nyumba Elerai, Arusha, anapolala mbugani Seronera na wageni wake, anachotaka kuona kwenye simu kabla ya kuzima taa ni geti lake. Kamera alishafunga, rauta ya 4G iko sebuleni, na fundi alishaangalia video inayofundisha kufungua poti ili kamera ionekane kutoka popote. Wamefungua ukurasa wa rauta, 192.168.8.1, wameingia kwenye mipangilio ya ziada, wamejaza anwani ya kamera na namba ya poti, wamehifadhi. Geti halionekani. Wamezima rauta na kuiwasha, wamebadili namba, wameondoa ulinzi wote uliokuwepo. Geti bado halionekani, na sasa rauta iko wazi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Fundi hakukosea hatua hata moja. Ukurasa ule uliandikwa kwa ajili ya nyumba ya aina nyingine: familia moja, waya mmoja unaoingia ukutani, na anwani ya intaneti ambayo ni ya nyumba hiyo peke yake. Nyumba nyingi za Elerai, kama za Sombetini au Unga Limited, haziko hivyo. Kiwanja kimoja kina vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua, mtandao unaingia kwa laini ya simu, na anwani inayoonekana duniani ni ya kampuni. Matokeo yake, upande wa mipangilio unaotazama nje umekufa nusu, na ule unaotazama ndani una kazi kubwa kuliko kitabu cha maelekezo kinavyokiri. Mafundi wengi huanza na upande wa nje kwa sababu ndio unaoonekana wa kitaalamu. Hapo ndipo jioni nzima inapopotea.

Kisa cha poti isiyofunguka hakikuanzia Arusha. Mfumo wa anwani uitwao IPv4, uliokamilishwa mwaka 1981, una nafasi ya anwani takriban bilioni 4.3, idadi iliyoonekana haina mwisho wakati kompyuta zilikuwa za vyuo vikuu na majeshi. Mwaka 1994 ukatolewa waraka wa kuelezea NAT, njia ya kuficha vifaa vingi nyuma ya anwani moja, na mwaka 1996 yakatengwa mafungu ya anwani za ndani, yale yanayoanza na 192.168 au 10, ambayo kila nyumba duniani inaweza kuyatumia bila kumgonga mwenzake. Ilikusudiwa iwe dawa ya muda. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika ya kanda. La kwetu ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. Tangu Januari 2020 kanuni yake ni kwamba mwanachama anapewa si zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Juu ya uhaba huo, tangu 2021 shirika lenyewe likaingia kwenye kesi na mmoja wa wanachama wake, hadi mahakama ya Mauritius ikalazimika kuliweka chini ya msimamizi mwaka 2023.

Sasa fikiria kampuni ya simu yenye mamilioni ya laini zinazotaka kuingia mtandaoni. Haina anwani za kutosha, kwa hiyo inaweka NAT ya pili katikati ya mitambo yake, na wateja maelfu wanatoka nje kwa anwani chache za pamoja. Mwaka 2012 likatengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Rauta ya sebuleni ikifungua poti, imefungua mlango wa chumba ilhali geti la kiwanja liko mikononi mwa kampuni, na kampuni haitalifungua kwa ajili ya kamera moja.

Kupima ni rahisi. Tazama kwenye ukurasa wa hali ya rauta anwani iliyopewa upande wa nje, kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikilingana, anwani ni yako, angalau kwa leo. Zisipolingana, na ile ya rauta ikiwa inaanza na 10 au iko kwenye lile fungu la 100, acha kuhangaika na poti. Njia zinazobaki ni tatu. Unaweza kuomba anwani ya kudumu kwa malipo, jambo linalowezekana zaidi kwa laini ya faiba au ya ofisi kuliko ya simu. Unaweza kutumia huduma ya mtengenezaji wa kamera, ambayo kamera yenyewe inapiga simu kwenda kwenye seva ya nje na wewe unakutana nayo huko. Ndiyo inayotumika sana, na bei yake ni kwamba picha za geti lako zinasafiri hadi kwenye mitambo ya watu wengine. Au unajenga VPN, yaani njia ya siri kati ya nyumba na simu yako, ikisaidiwa na seva ya nje.

Hiyo ya tatu ndiyo safi kiufundi, ila Tanzania ina maelezo yake. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa za matumizi yao pamoja na anwani zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Aliyeandika tangazo alikuwa na maudhui yaliyozuiwa kichwani, hakuwa anafikiria dereva anayetaka kuona geti lake, lakini teknolojia ni ileile, na mwenye kamera ni vyema alisome. Kwenye kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 kulikuwa na kichekesho cha aina hiyohiyo: ziliwataka wenye vibanda vya intaneti wawe na anwani za umma zisizobadilika, kipindi ambacho bara zima limeshaanza kuzihesabu kama maji ya kiangazi.

Kuna pia IPv6, mfumo mpya ambao unatosha kila kifaa duniani kuwa na anwani yake. Kama kampuni yako inaitoa na rauta inaikubali, iwashe, lakini usiondoe ulinzi unaozuia maingilio kutoka nje, kwa sababu hapo kila simu ya nyumbani inaonekana moja kwa moja.

Na kabla ya kutoka kwenye kamera: ikiwa lenzi inatazama ua ambao wapangaji wanaogea, wanafulia na kukaa jioni, suala limeshatoka kwenye rauta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu anayekusanya picha za watu. Geti ni lako, lakini mama wa chumba cha tatu akipita na ndoo hajawa sehemu ya geti.

Sasa uani. Kila aliyepanga Arusha anaujua ugomvi wa mita moja ya umeme ya LUKU kwa vyumba sita: mwenye friji, mwenye pasi na mwenye taa moja wanachanga sawa, na kila mwisho wa mwezi kuna anayehisi ameibiwa. Waifai ya pamoja imerithi ugomvi huo mzima. Tofauti ni kwamba mita ya LUKU haijui nani ametumia nini, na rauta inajua. Ukifungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa si ajabu kukuta majina 15 au 20 katika nyumba ya watu kumi, yakiwemo ya Tecno tatu, Infinix nne, itel, Galaxy, runinga, kamera, na kifaa kimoja ambacho hakijajitambulisha. Orodha hiyo ndiyo ukurasa wa kwanza ambao mwenye rauta anapaswa kuuzoea, na usiku wa manane ndio wakati mzuri wa kuusoma, maana saa hizo wageni wa mchana wameondoka na anayebaki anaishi kwenye kiwanja au ukuta wa pili.

Paswodi haidumu uani. Simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 zinaweza kuonyesha mraba wa QR wenye jina na paswodi ya waifai, na yeyote anayeupiga picha ameingia. Mpangaji mmoja akimwonyesha shemeji aliyekuja kumsalimia, paswodi imehama nyumba bila mtu kuitamka. Wengi basi hukimbilia kichujio cha MAC, yaani kuruhusu tu vifaa ambavyo anwani zao za MAC, namba inayotambulisha kila kifaa, zimeorodheshwa. Zamani kilisaidia kidogo. Siku hizi simu za Android na iPhone hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na mwenye simu anaweza kuibadili kwa kugusa sehemu moja. Uliyemfungia jana anarudi leo akiwa mtu mpya, na mpangaji mwaminifu aliyebadilisha simu ndiye anayegonga mlango saa nne usiku akiuliza kwa nini amekatwa. Kichujio hicho kinachosha watu bure.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha. Rauta nyingi, hata za bei ya chini, zina mtandao wa wageni: jina la pili, paswodi ya pili, na kizuizi kinachofanya kifaa cha huko kisivione vifaa vya mtandao mkuu. Vitabu vya maelekezo vinauelezea kama huduma kwa marafiki wanaokuja chakula cha jioni. Katika nyumba ya kupanga huo ndio mtandao wa wapangaji, na ule mkuu unabaki wa familia na kamera. Washa pia kizuizi cha vifaa kuonana vyenyewe kwa vyenyewe, kama kipo, ili simu ya chumba cha tano isiweze kutuma video kwenye runinga ya chumba cha pili, au programu mbaya kwenye simu moja isianze kupapasa nyingine. Paswodi ya wageni ibadilishwe siku kodi ya mtandao inapokusanywa. Ni utaratibu wa kijamii zaidi kuliko wa kiufundi: anayechanga anapewa, asiyechanga anabaki nje mpaka achange, na hakuna anayelazimika kumkabili mwenzake uso kwa uso.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutenganisha. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, laini iliyo ndani ya rauta ina jina la mtu mmoja na kidole chake. Na tangu 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mgeni wa mpangaji akiandika jambo la matata kupitia waifai hiyo, njia inayoonekana kwanza inaelekea kwenye laini, na laini inaelekea kwa aliyeisajili. Rauta za nyumbani huhifadhi kumbukumbu fupi za nani aliunganishwa saa ngapi, na zikizimwa nyingi hupoteza hata hizo. Mwenye nyumba anayetoa paswodi kwa ukarimu anafanya jambo jema, ila ajue anaazima jina lake.

Hata hivyo lalamiko la kila siku uani halihusu sheria. Ni kwamba mtandao "unakata kata" jioni. Mtu anampigia dada yake aliyeko Muscat kwa WhatsApp, sauti inakuja vipande vipande, na wakati huohuo kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 20 kwa sekunde. Hitimisho la wengi ni kwamba kampuni inawaibia. Wakati mwingine kweli kifurushi kimevuka kiwango na kasi imeshushwa. Lakini mara nyingi chanzo kiko mezani, ndani ya rauta yenyewe.

Kijana wa chumba cha nne anapandisha video. Njia ya kupandisha kwenye laini ya simu ni nyembamba kuliko ya kushusha, kwa hiyo data inaanza kurundikana. Rauta haiitupi ile inayozidi. Inaiweka foleni kwenye kumbukumbu yake, na kwa kuwa kumbukumbu imekuwa rahisi miaka hii, watengenezaji wamezifanya foleni kuwa ndefu kupindukia. Sauti ya dada wa Muscat, ambayo ilipaswa kupita ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, inasubiri nyuma ya video yote. Kasi ipo, ila zamu haifiki. Mhandisi wa Marekani Jim Gettys ndiye aliyeanza kulipigia kelele tatizo hili karibu na 2010, baada ya kuona laini ya nyumbani kwake ikifa kila alipopandisha mafaili. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa kanuni ya kuisimamia foleni kwa kupima muda ambao data imesubiri badala ya wingi wake, na ikizidi kusubiri inatupwa mapema ili mtumaji apunguze mwendo. Toleo lake lililoenea zaidi, fq_codel, linayapa kila mazungumzo foleni yake, na limeandikwa rasmi kama waraka wa kimataifa mwaka 2018. Ndilo linalosimamia foleni kwenye rauta zinazotumia programu huria ya OpenWrt, na baadhi ya rauta za dukani zimeliingiza kimyakimya.

Jaribu mwenyewe kabla ya kununua chochote. Pima muda wa kwenda na kurudi kwa amri ya ping wakati nyumba imetulia. Tuseme milisekunde 50. Kisha mtu apandishe video kubwa, upime tena. Ikipanda hadi 600 au 900, foleni ndiyo inayokuumiza, na kuongeza kifurushi hakutaiponya. Tafuta sehemu ya kugawa kasi, ambayo kwa kawaida huandikwa QoS, na uweke kikomo cha jumla chini kidogo ya kasi halisi, asilimia 85 au 90 ya ile unayoipata saa mbili usiku, wala si ile iliyoandikwa kwenye tangazo. Ukipunguza hivyo foleni inahamia mahali ambapo rauta inaitawala.

Ushauri huo unafaa sana kwenye faiba, ambako kasi haibadiliki ovyo. Kwenye 4G, kasi ya saa nne asubuhi na ya saa mbili usiku ni vitu viwili tofauti, na kikomo kimoja ama kinapoteza kasi ya asubuhi au hakisaidii usiku. Huko naona ni afadhali kubana upandishaji wa kila kifaa, ili chumba kimoja kisiweze kuijaza njia yote, na ushushaji uachwe ujipange wenyewe. Kama ningelazimika kumlipa fundi kwa mpangilio mmoja tu katika nyumba ya vyumba sita, ningemlipa kwa huu.

Redio ina mambo yake, na hapa saruji inatawala. Nyumba za tofali za saruji zenye nondo, madirisha ya grili na milango ya chuma huzuia mawimbi ya gigahezi 2.4, na yale ya gigahezi 5 huyazuia zaidi. Bendi ya 2.4 inafika mbali, ila chaneli zake zinaingiliana: kati ya chaneli 13 ni tatu tu, kwa kawaida 1, 6 na 11, zinazoweza kukaa pamoja bila kugusana. Mtu anayefungua programu ya kutazama chaneli akaona wote wako 6, akaamua kujificha kwenye 4, anafanya vibaya zaidi. Waliomo kwenye chaneli moja wanasikilizana na kupeana zamu. Aliye pembeni yao anawasikia kama makelele, nao wanamsikia hivyohivyo. Kupanua chaneli hadi megahezi 40 kwenye bendi hiyo, katika mtaa wa nyumba zilizobanana, ni kujipatia namba nzuri kwenye kipimo na kumharibia jirani. Weka 20.

Rauta nyingi huchagua chaneli zenyewe zinapowaka. Kwetu hilo lina kasoro ambayo waandishi wa vitabu vya maelekezo hawakuifikiria: umeme wa TANESCO ukirudi baada ya kukatika, mtaa mzima unaamka dakika moja. Kila rauta inasikiliza hewa ambayo wenzake bado hawajaanza kutangaza, inaona kumekucha shwari, na inachagua. Kama umeme unakatika mara kwa mara, chagua chaneli kwa mkono, au nunua betri ndogo ya volti 12 ya kuishikilia rauta peke yake. Betri hiyo itakusaidia kuliko antena za ziada.

Bendi ya 5 haivuki ukuta wa pili, na mimi nahesabu hilo kuwa faida: itumie kwa runinga na kompyuta za chumba chenye rauta, iondolee 2.4 mzigo. Epuka chaneli 52 hadi 144 kama mtandao unatoweka ghafla na kurudi, kwa sababu huko rauta inawajibika kuhama ikihisi rada.

Kwa rauta za simu, upande wa mnara ni muhimu kuliko yote haya. Ukurasa wa hali ya mtandao huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: karibu na -80 ni vizuri, ukifika -110 unahangaika. Ihamishe rauta kutoka kwenye kabati la runinga hadi dirisha moja baada ya jingine huku ukisoma namba hiyo. Paa la bati juu na grili mbele vinaweza kula nusu ya ulichonunua. Elerai iko kwenye sehemu iliyo wazi kiasi. Kwa ndugu zetu wa Ilboru na Olkokola, ambako miteremko ya Meru ina makorongo, kusogea hatua kumi kunaweza kubadili mnara unaokuhudumia. Rauta inayorukaruka kati ya 3G na 4G ifungiwe kwenye 4G peke yake.

Usalama nitausema kwa ufupi, maana sehemu kubwa yake inajulikana na haifanywi. Paswodi ya kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ni tofauti na ya waifai, na ikiachwa admin, mpangaji yeyote mwenye dakika tano ni meneja. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na rauta kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na paswodi za kiwandani. Mwezi Novemba mwaka huo jeshi la vifaa vya aina hiyo liliielemea kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia, na Daniel Kaye, Mwingereza aliyekodiwa kufanya kazi hiyo, alihukumiwa London Januari 2019. Cha kushangaza, ile NAT ya kampuni inayomnyima dereva picha ya geti lake ndiyo inayomkinga na watu wa aina hiyo wanaopita wakigonga milango ya dunia nzima. Hatari iliyobaki inatoka ndani: simu ya uani, au kamera iliyopiga simu nje yenyewe.

Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba ya siri badala ya paswodi. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba yake ya siri ya tarakimu nane inakaguliwa kwa nusu mbili na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, hivyo majaribio 11,000 yanatosha badala ya mamilioni. Tumia WPA2, au WPA3 iliyokuja 2018 ikiwa vifaa vyote vinaikubali. Runinga ya zamani ndiyo itakayokukatalia. Na ujue kwamba kampuni iliyokupa rauta mara nyingi ina njia yake ya kuingia kutoka mbali na kuibadili, kwa itifaki ya TR-069. Siku ukikuta mipangilio imejibadili, huenda si jini wala mpangaji.

Kubadili DNS ndiyo hila inayopendwa kuliko zote, ikiuzwa kama ya kuongeza kasi. Haiongezi. Inafupisha muda wa kutafuta jina la tovuti mara ya kwanza, basi. Faida yake halisi iko kwa wazazi: 1.1.1.3 ya Cloudflare, iliyoanzishwa 2020, inakataa tovuti za ngono na za programu haribifu, na ukiiweka kwenye sehemu ya DHCP, inayovigawia vifaa anwani, inawafikia wote walioungana bila kugusa simu zao. Kijana anayejua kuwasha DNS ya siri kwenye Android yake atapita pembeni, lakini wa darasa la tatu hatapita.

Na DNS haitengenezi kilichovunjika nje. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na mafundi wa Arusha waliitwa nyumba kwa nyumba kurekebisha rauta zisizo na kosa. Ndivyo ilivyokuwa pia intaneti ilipozimika nchi nzima siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Arusha ina historia yake ya kujitegemea kwenye mambo haya, tangu ushirika wa barua pepe wa Arusha Node Marie miaka ya 1990 hadi kituo cha AIXP ambako watoa huduma wa mjini hubadilishana data bila kuipitisha Dar es Salaam, na hayo ni maamuzi ya watu na kampuni, hayana ukurasa kwenye 192.168.8.1.

Jambo la mwisho ni tundu dogo nyuma ya rauta. Pini ikishikiliwa humo kwa sekunde kumi hivi, mtandao wa wageni, vikomo vya kasi, chaneli na paswodi zote vinafutika, na rauta inarudi kwenye paswodi iliyoandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini yake. Rauta iliyowekwa barazani ili kila mtu apate mawimbi iko mikononi mwa mpangaji aliyekasirika au mtoto mwenye pini. Hifadhi faili la mipangilio kwenye kompyuta au simu, kwa sababu ukurasa wa mfumo unaruhusu kulipakua na kulirudisha, piga picha stika kisha uifunike, na rauta iwekwe juu, kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao aliyesajili laini.